Mji Alioniambia Raya

Ziwa lilikuwa linapanda. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoambiwa nilipofika, na katika safari ile yote ndilo jambo pekee ambalo kila mtu aliniambia kwa namna moja. Dereva aliniambia, mwenye nyumba ya wageni aliniambia, na mdogo wangu Raya akanieleza kwa kirefu: dada, maji yameingia mtaa wa chini, nguzo za taa zimesimama majini, kuna benchi la kupumzikia ambalo samaki wanapita chini yake. Mvua haikuwa kubwa mwaka ule. Hakuna mto uliofurika. Ziwa lilipanda tu, kama lilivyofanya kila baada ya miaka kadhaa, likameza nyumba za pembeni, likakaa humo kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Nilisimama juu ya ubao uliowekwa kuwa daraja mlangoni, mkono wangu ndani ya mkono wa Raya, nikajisemea: ndivyo ilivyo. Hakuna anayekuvamia. Kuna kitu kinapanda polepole kutoka pembeni, na wewe unaendelea kupika.

Nasema juu ya macho yangu.

Naitwa Siwatu. Nilifundisha historia Pangani mpaka siku nilipomwita mwanafunzi kwa jina la mwenzake, naye akacheka, darasa zima likacheka, nami nikajua kwamba nyuso zimeanza kuyeyuka. Daktari alisema ni presha ya macho. Alisema ilianza pembeni zamani, kimyakimya, na sasa inasogea katikati. Nikabakiwa na tundu dogo la kuonea, lenye ukungu. Asubuhi tundu lile lilikuwa safi kiasi cha kuona kitasa cha mlango, jani, jicho moja la mtu anayezungumza nami. Kufika jioni lilikuwa limejaa maziwa. Na ndani ya tundu hilo nilitaka kuingiza mji mmoja kabla halijaziba.

Mji wenyewe niliuona kwenye picha nilipokuwa chuo cha ualimu, katika gazeti kuukuu lililofungiwa maandazi. Msitu mzito usio na mwanzo, na juu ya msitu vilele vya mahekalu ya mawe vimejitokeza kama watu waliosimama majini mpaka shingoni. Wamaya, wenyeji wa kale wa misitu ile, waliujenga, wakakaa humo karne kwa karne, wakachonga majina ya wafalme wao juu ya mawe, kisha wakaondoka. Hawakufa, kama wengi wanavyodhani. Wajukuu zao wapo. Wanauza mboga sokoni, wanapanga foleni benki, wanagombana juu ya mipaka ya viwanja. Waliondoka tu. Swali hilo lilinikaa kichwani tangu nikiwa msichana na halikunitoka: mtu huamkaje asubuhi moja akaupa mgongo mji wa mawe? Nani alisema wa kwanza kwamba basi, twende? Na mfalme, siku hiyo, alikuwa anatazama upande gani?

Nilisema nitakwenda. Kukawa na harusi, kukawa na msiba, kukawa na paa la kuezeka, kukawa na mama wa kuuguza. Raya aliondoka yeye, akaenda kuishi katika nchi ya baridi, akapata kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Alikuwa akirudi kila baada ya muda mrefu, na kila akirudi namwona kipande kidogo zaidi. Ndiye aliyepanga safari. Alinipigia simu akasema, "Dada, sasa. Mwakani tusiseme tena."

Basi tukaja. Mji ule wa ziwani umejengwa juu ya kisiwa kidogo kilichounganishwa na nchi kavu kwa tuta la barabara, na sitautaja jina kwa sababu sikuuona, nilisikia tu. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mjane mmoja wa makamo aitwaye Doña Eulalia, na hilo "Doña" kwao ni kama tunavyosema "Bibi" kwetu. Usiku wa kwanza alinishika mashavu kwa mikono miwili inayonukia vitunguu, akaniita Jacinta. Raya alipomsahihisha kwa Kihispania alichojifunza kazini, alisema anajua, anajua, lakini nimefanana mno na dada yake aliyehamia ng'ambo ya ziwa. Aliendelea kuniita hivyo. Baada ya muda nikawa naitika. Usidhani ni mzaha. Mtu asiyeona uso wake kwenye kioo hana ushahidi wa kumpinga anayempa jina. Nikiwa Jacinta nilikula supu, nikiwa Jacinta nilisikiliza maji yakigonga ukuta wa jikoni, na kwa kitambo nikahisi kwamba Siwatu wa Pangani ni mtu niliyewahi kusimuliwa.

Kuna jambo ambalo Raya hakulijua. Kwa miaka mingi nilijifunza Kihispania, lugha ya nchi ile, kwa kaseti, peke yangu, nikifua, nikichambua mchele. Sikukisema vizuri, lakini nilikisikia. Nilikuwa nimepanga kumshangaza tukifika juu ya hekalu: nitamsimamisha mtu yeyote wa pale, nimuulize jina la mahali, nisikie likitamkwa na mwenye nalo.

Tulikuwa na siku moja tu ya kuuona mji wa mawe. Kesho yake ndege.

Asubuhi hiyo Raya alitoka uani kuzungumza na Doña Eulalia. Niliwasikia kwa mbali, mwenye nyumba akisema jambo na kulirudia, Raya akiuliza kitu kilekile kwa namna nyingine. Aliporudi chumbani sauti yake ilikuwa imetiwa sukari.

"Tayari, dada? Vaa kofia. Jua la huko halina adabu."

Tulivuka ziwa kwa boti ya injini. Nilikuwa nimeikariri ramani, najua kwamba mji wa mawe haufikiwi kwa maji; ni mwendo mrefu wa gari, kaskazini, ndani ya msitu. Nikamuuliza. Akasema, "Ni njia ya mkato. Usafiri unatungoja ng'ambo." Nikakubali. Nataka ieleweke kwamba nilikubali kwa moyo wote. Ng'ambo kulikuwa na bajaji, mlio uleule wa bajaji za kwetu, ikaturusha kidogo juu ya mashimo, ikatuacha. Tukatembea kwa kijia chenye majani yanayokwaruza miguu. Nikasubiri ngurumo ya wale nyani wa msitu wanaosemekana kulia kama simba. Sikuisikia. Nikajiambia wamelala.

"Tumefika," Raya akasema. "Shika hapa. Hii ndiyo ngazi ya chini kabisa."

Niliinama nikagusa jiwe. Lilikuwa jiwe kweli, limechongwa pembe moja, lina ukungu wa kijani uliolowa. Nikaliwekea kiganja na machozi yakanitoka, siyaonei haya. Tukaanza kupanda. Raya alinipeleka taratibu, akinihesabia mizizi na mawe yaliyolegea, akisema, "Pumzika, ni mbali bado," na mimi nikipumzika. Jua lilinipiga shavu la kushoto. Kisha likanipiga kisogoni. Kisha shavu la kulia. Kisha usoni. Kisha tena la kushoto.

Hapo ndipo nilipojua kwamba tunazunguka. Hekalu la mji ule halizungukwi. Lina ngazi moja, mbele, iliyosimama kama ukuta, mtu anaipanda kwa kutambaa. Mdogo wangu alikuwa akinizungusha juu ya kitu kidogo ili kiwe kirefu.

Nikaendelea kupanda. Labda nimekosea, nilijiambia. Labda wamejenga njia mpya kwa ajili ya wazee. Nilikuwa nimelijenga hekalu lile kwa maisha yangu yote na sikutaka kulibomoa kwa shavu.

Tulipofika juu, Raya alinisimamisha, akanigeuza mabega, akapumua.

"Subiri nikuambie, dada. Mbele yetu kuna hekalu jingine, jembamba, limenyoosha shingo kama mtu anayetafuta chombo baharini. Katikati kuna uwanja wa majani. Mbele ya ngazi mawe yamesimama kama wanafunzi mstarini, kila jiwe na jina la mfalme wake. Na msitu, dada, msitu unakuja mpaka kizingitini, unasimama, unaogopa kuingia."

Maneno yale yalikuwa yangu.

Nilimwambia hayo Raya alipokuwa mdogo, tukiwa tumelala chandarua kimoja, nimerudi likizo kutoka chuoni. Nilimweleza ile picha ya gazeti. Kama wanafunzi mstarini. Nani mwingine angesema hivyo isipokuwa msichana anayesomea ualimu? Alikuwa ameyatunza miaka yote hiyo, yakavuka naye mpaka nchi ya baridi, na sasa alikuwa akinirudishia moja baada ya jingine, mazima, bila kukosea. Mji niliokuwa nikionyeshwa ni mji nilioubuni mwenyewe. Nilisafiri nusu ya dunia kuja kusikia sauti yangu ikitoka katika kinywa cha mdogo wangu.

Na nilikuwa wapi basi? Hilo ndilo swali. Nisimame juu ya nini, niliyesimama juu ya maneno?

Nikawafikiria wafalme wale wa mawe. Kila mmoja aliweka jiwe lake na kulichora: nilizaliwa siku fulani, nilimteka fulani, miungu ilinikubali. Wengi wa raia zake hawakujua kusoma. Walisimama uwanjani, wakatazama michoro, wakangoja mwandishi awaambie jiwe linasema nini. Huenda mfalme alishindwa vita na jiwe likasema ameshinda. Nani angejua? Nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba mtawala ni mwenye mkuki na ghala. Juu ya kile kilima nilielewa kwamba mtawala ni yule anayekueleza kilichoko mbele yako wakati wewe huna namna ya kutazama. Raya, aliyekuwa akiniomba nimvushe mto mgongoni, alikuwa mfalme wangu. Alinitawala kwa upendo, na upendo wake ulikuwa mpole, na ulikuwa umefunga milango yote.

Upepo ukageuka. Nikasikia harufu ya sabuni ya kufulia. Nikasikia mahindi yanachomwa. Redio ikaimba mahali fulani karibu, na jogoo akawika chini ya miguu ya wafalme.

"Wale ni wahudumu," Raya akasema upesi. "Wana vibanda vyao kule chini."

Wakati huohuo sauti ya mwanamke ikatusalimu kwa Kihispania. Alikuwa amepanda kuja kuanua nguo. Nilisikia zikipigwapigwa hewani, shuka, labda suruali. Raya akamjibu kwa haraka, kwa sauti ya kumwondoa. Nami nikatoa mkono wangu ndani ya mkono wa Raya, nikageukia kule sauti ilikotoka, nikamuuliza kwa Kihispania changu cha kaseti:

"Samahani, bibi. Unaitwa nani? Na hapa panaitwaje?"

Raya akavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Mimi naitwa Petrona," mwanamke akasema. Alizungumza polepole, kwa upole, kama mtu aliyeyaona macho yangu. "Na hapa hapaitwi chochote, bibi. Ni nyuma ya nyumba yangu. Chini ya udongo kuna mawe ya wazee wetu, watu wa chuo walikuja wakachimba kidogo pale pembeni, wakaenda zao. Mmepotea? Mji mkubwa ni kule, mbali. Lakini leo hampiti. Wanakijiji wamefunga barabara kwa magogo, wanadai maji ya bomba. Hata lori la soda limerudishwa."

Nikamshukuru. Akasimama kidogo, nadhani alimtazama Raya usoni, akaona kilichokuwepo. Akasema tukitaka maji ya kunywa tumwite, akateremka na nguo zake.

Tukabaki wawili juu ya kile kichuguu.

"Unakisema Kihispania," Raya akasema.

"Umenileta wapi, Raya?"

"Dada, barabara imefungwa. Umesikia mwenyewe. Doña Eulalia aliniambia asubuhi. Nilimuuliza kama kuna njia nyingine, akasema hakuna. Kesho tunaondoka. Ningekwambia nini?"

"Ungeniambia barabara imefungwa."

"Umeusubiri mji huu maisha yako yote!"

"Ningesikitika. Huko kusikitika kulikuwa kwangu. Umeninyang'anya hata huko."

Akaanza kulia. Alilia vibaya, kwa kukwama, kama anayekohoa. Akasema kazini kwake kuna mabibi na mababu wanaouliza kila siku kama watoto wao wanakuja, na yeye huwaambia wanakuja Jumapili, nao hulala salama, wanatabasamu usingizini. Akasema hajui tena kumwambia mtu mzima jambo la kumwumiza. Mdomo wake umesahau. Akasema aliposikia barabara imefungwa alienda akasimama kwenye ngazi za jikoni, maji yakigusa viatu, akawaza: kama yeye haoni na mimi naona, kwa nini nisimwonee?

"Mimi si bibi yako wa kule," nikamwambia.

Akapenga kamasi. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu utotoni, "Nikuambie basi kilichopo? Kweli kweli. Nianze upya. Kuna nyasi. Kuna mbuzi amefungwa. Kuna jiwe moja lina alama kama ya kidole cha mtu..."

"Sasa nitajuaje?" nikasema.

Na hapo akaacha.

Tulirudi kwa njia ileile. Boti ilipiga mawimbi madogo, maji yakanirukia mikononi, na sikupangusa. Doña Eulalia alitupikia samaki wa ziwani, akaniita Jacinta, akauliza tumeona nini. Raya akanisogezea sahani. Mimi nilisema, kwa Kihispania, kwamba tumeona nyuma ya nyumba ya mtu. Alidhani nimekosea maneno, akacheka, akaniongezea ndimu.

Nilikaa barazani kabla jua halijazama kabisa, nikijaribu kukumbuka lile jiwe la chini nililolishika na kulilia. Lilikuwa jiwe la kweli. Watu walilichonga, watu waliolala na kuamka pale, pengine akina mama wawili ndugu, mmoja akimtuma mwingine maji. Hawakuwa na mfalme wa kutajwa. Nilisafiri kuwatafuta walioondoka, nikapelekwa kwa waliobaki, na sikuwasalimu. Mawazo hayo yalinijia pale barazani. Ningeweza kuyasema. Raya alikuwa chumbani, mlango uko wazi, nasikia akikunja nguo zake na kuzikunjua. Ilikuwa hatua chache. Lakini hasira ya mzee ina raha yake, inapasha mwili joto kama shali, na mimi nilijifunika.

Asubuhi Doña Eulalia aligonga mlango kwa ngumi mbili. Barabara imefunguliwa! Wakubwa wamekuja alfajiri, wamezungumza na wanakijiji, magogo yameondolewa. Binamu yake ana gari, anaweza kutupeleka sasa hivi.

Raya alikuwa ameshavaa viatu. Alinipigia magoti kando ya kitanda, akanishika vifundo vya miguu.

"Dada, twende. Tiketi nitazibadilisha. Kazini nitawaambia naumwa. Twende sasa, ni asubuhi, macho yako ni mazuri asubuhi. Sitasema kitu njiani. Utatazama mwenyewe, kwa tundu lako, utagusa mwenyewe. Mimi nitakuwa fimbo tu."

Nilikuwa nimekaa. Dirishani kulikuwa na mwanga mweupe, na ndani ya tundu langu niliona vizuri, vizuri sana, kipande cha mkono wake juu ya mguu wangu: mishipa, pete iliyobana, alama ya kuungua na mafuta. Mkono wa mwanamke anayebeba watu wazima na kuwageuza vitandani. Neno "twende" lilikuwa mdomoni mwangu. Nalikumbuka ladha yake.

"Twende wapi?" nikasema. "Si tulikwenda jana?"

"Dada."

"Hekalu jembamba, limenyoosha shingo. Uwanja wa majani. Mawe kama wanafunzi mstarini. Ulinieleza vizuri mno, mdogo wangu. Nimeshauona."

"Dada, usinifanyie hivyo. Tafadhali."

"Nimeshauona," nikasema tena.

Doña Eulalia aliuliza mlangoni, Jacinta anasema nini? Raya aliviachia vifundo vyangu. Kisha akamwambia, neno kwa neno, bila kuongeza na bila kupunguza:

"Anasema ameshauona."

Mtu anaweza kuuacha mji wa mawe. Sasa najua. Nilidhani inahitaji ukame, vita, njaa, miungu iliyonyamaza. Haihitaji. Inahitaji mtu mmoja aliyeumizwa na mwingine anayepiga magoti, na barabara iwe wazi, na gari liwe linanguruma nje. Wanahistoria watatafuta sababu katika udongo. Hawataipata, kwa sababu sababu ilikuwa katika mdomo wa mwanamke fulani aliyesema neno moja badala ya lingine, akasikia raha, na mji ukaanza kuota majani saa ileile.

Ninayasema haya nikiwa sina tundu tena. Liliziba mwezi mmoja wa mvua, Pangani, bila kelele.

Ndege ilikuwa ndogo, ya kutupeleka mji mkuu wa nchi ile ili tuunganishe safari. Raya alinikalisha upande wa njia, yeye akakaa dirishani. Alinifunga mkanda kama anavyowafunga wazee wake, akaomba radhi kwa kunifunga, nikasema si kitu. Injini zikaunguruma, ziwa likashuka chini yetu, nikalihisi tumboni. Nilikuwa nikitazama mshono wa kiti cha mbele, uzi wa rangi ya machungwa. Ulionekana wazi, kila pigo la sindano, na nilijua kwamba tundu langu halijawahi kuwa safi vile kwa miezi mingi.

Raya akanishika mkono ghafla.

"Dada. Dada, nauona!"

Sikugeuka.

"Wallahi nauona. Kule chini, upande wangu. Vilele, vyeupe, vimetoka juu ya miti. Viwili. Hapana, kuna kingine nyuma. Rubani amepita juu yake, dada, tunaupita! Njoo huku, weka uso hapa. Ni kama ulivyosema. Hapana, si kama ulivyosema, si hivyo kabisa, ni... Njoo uone. Upesi!"

Alikuwa amejibana kwenye kiti, anavuta bega langu, nusu amesimama ndani ya mkanda wake ili anipishe. Sauti yake haikuwa na sukari. Ilikuwa imekwaruzika, ilikuwa inakosa maneno, na mtu anayetunga hakosi maneno. Ningejua kwa hilo. Nadhani nilijua. Nilichotakiwa kufanya ni kugeuza shingo na kuinama juu ya mapaja yake.

Niliwaza: na kama anatunga tena? Kama kule chini ni msitu mtupu na mimi nitainama, nitazame ukungu, niseme ninaona, tuwe waongo wawili? Niliwaza: mwache asubiri kidogo, aonje. Niliwaza mengi kwa muda mfupi ule. Na mimi, niliyebakiwa na kijitundu tu cha kuonea dunia, nikafumba macho.

Raya aliendelea kusema. Alisema jua linapiga upande mmoja wa jiwe. Alisema kivuli kimelala juu ya miti. Alisema, "Dada, tafadhali." Sauti ikapungua, ikawa mnong'ono, ikawa pumzi. Kisha mkono wake ukaacha bega langu.

Sijui nilikaa vile kwa muda gani. Kitu kikanivunjika kifuani, kidogo, kama kijiti. Nikafumbua macho, nikafungua mkanda, nikainama juu ya mapaja yake mpaka kioo baridi kikanigusa paji la uso. Nikatazama kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

Nyeupe. Nyeupe tupu.

"Mji bado upo?" nikamuuliza.

"Umepita, dada," akasema, na hilo nikaliamini.